Namba yenye tarakimu 25 ambayo haiongezeki tena: 3608528850368400786036725

#1 Mchapaji wa Tandika

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, tutaonana kwenye nyuzi za mpira.

Nina kibanda cha steshenari huku Tandika. Kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi na kujazia watu fomu za mtandaoni, kwa hiyo namba ndefu ndiyo maisha yangu: namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), namba za malipo, namba za mtihani. Mtu ukishinda na namba namna hiyo utaanza kuzichokonoa. Leo nawaletea moja ambayo haina mwenyewe. Itazameni:

3608528850368400786036725

Usihangaike kuisoma kwa maneno. Ikate kutoka kushoto, kidogo kidogo. Tarakimu ya kwanza ni 3, inagawanyika kwa 1, hapo hakuna la ajabu. Mbili za kwanza ni 36, zinagawanyika kwa 2. Tatu za kwanza ni 360, zinagawanyika kwa 3. Nne, 3608, kwa 4. Tano, 36085, kwa 5. Sita, 360852, kwa 6. Saba, 3608528, kwa 7, na jibu ni 515504 kamili. Nane kwa 8, tisa kwa 9, kumi kwa 10, na haiishii hapo: kumi na moja za kwanza kwa 11, kumi na mbili kwa 12, hadi namba nzima kwa 25. Hakuna baki hata mahali pamoja.

Humu tuziite namba za hatua. Zipo nyingi zenye tabia hiyo zikiwa fupi, ila ya tarakimu 25 ni hii moja tu duniani. Na ya tarakimu 26 haipo. Sisemi kwamba haijapatikana, nasema haipo, na mtu yeyote aliyefika darasa la saba anaweza kulithibitisha hilo kwa kalamu. Nitaonyesha huko chini kama kuna wanaofuatilia.

#2 Mkeka Tena

Nimekaa siti ya mbele. Swali moja tu mkuu, inatoka lini nikaiweke kwenye bahati nasibu?

#3 Kijiwe cha Saba

Hizi ndizo namba za wale jamaa wa pete za nguvu za giza. Mtaniambia.

#4 Kalkuleta Mbovu

Mleta uzi unatupiga kamba. Nimechukua tarakimu 17 za kwanza nikagawanya kwa 17 kwenye simu, inaniletea 2.122664029E15. Hiyo ni desimali na herufi juu. Sasa "kamili" yako iko wapi?

#5 Mchapaji wa Tandika

Kalkuleta Mbovu, jina lako limejibu nusu ya swali.

Kalkuleta nyingi za simu zinabeba tarakimu kama kumi na tano au kumi na sita, zikizidi hapo inakupa makadirio. Hiyo E15 maana yake sogeza nukta mara 15, tarakimu nyingine imezificha. Excel nayo inashika tarakimu 15 tu, zinazofuata inazigeuza sifuri bila hata kukuomba ruhusa. Wenzangu wa steshenari wanalijua hili vizuri: chapa namba ya NIDA yenye tarakimu 20 bila vistari, seli ukiwa hujaiweka iwe ya maandishi, halafu angalia tano za mwisho. Zote sifuri. Mteja anarudi kesho yake fomu imekataliwa, na lawama zote ni zako.

Dawa ni ile ile ya shule ya msingi, gawanya kwa kushusha. Hatuhitaji hata jibu, tunafuatilia baki tu. Tarakimu zetu 17 ni 36085288503684007. Twende:

36 kwa 17, baki 2. Shusha 0, inakuwa 20, baki 3. Shusha 8, 38, baki 4. Shusha 5, 45, baki 11. Shusha 2, 112, baki 10. Shusha 8, 108, baki 6. Shusha 8, 68, baki 0. Shusha 5, haitoshi, baki 5. Shusha 0, 50, baki 16. Shusha 3, 163, baki 10. Shusha 6, 106, baki 4. Shusha 8, 48, baki 14. Shusha 4, 144, baki 8. Shusha 0, 80, baki 12. Shusha 0, 120, baki 1. Shusha 7 ya mwisho, inakuwa 17 yenyewe. Baki 0.

Jibu kamili kwa anayelitaka: 2122664029628471. Hapo simu yako ilikuwa sahihi, ilichoka tu njiani.

#6 Kalkuleta Mbovu

Daah. Hiyo 17 mwishoni imenikata maini. Nimeipitia mwenyewe kwenye karatasi, ni kweli. Sasa najaribu ya 23.

#7 Mwalimu wa Zamu

Mleta uzi, hongera, umeeleza kwa utulivu. Nafundisha hisabati darasa la sita hapa hapa jijini na nina swali ambalo wanafunzi wangu wangeniuliza. Kwa nini ziishe? Namba hazina mwisho. Tarakimu tunaweza kuongeza tunavyotaka. Ni nini kinachozizuia zisivuke 25?

#8 Mchapaji wa Tandika

Mwalimu shikamoo. Swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Chukua namba ya hatua yoyote. Kuongeza tarakimu mwishoni ni sawa na kuizidisha kwa 10 halafu kujumlisha 0, au 1, au 2, hadi 9. Kwa hiyo kila hatua una namba kumi zinazofuatana za kuchagua. Ukiwa unatafuta kigawe cha 7, ndani ya namba kumi zinazofuatana hakikosekani, na mara nyingine vinakuwa viwili. Cha 8 hakikosekani, cha 9 hakikosekani. Cha 10 kipo kimoja tu, kile kinachoishia na sifuri. Ndiyo maana namba za hatua zenye tarakimu 9 na zile zenye tarakimu 10 zina idadi sawasawa: 2492 na 2492. Kila moja ya tisa imepewa sifuri yake mkononi, basi.

Mambo yanabadilika kwenye 11. Unatafuta kigawe cha 11 ndani ya namba kumi zinazofuatana. Kinaweza kukosekana. Kwenye 20 kinakosekana kama nusu ya mara zote. Kwenye 25 kinapatikana kwa wastani mara 4 katika 10. Idadi yenyewe inakwenda hivi, kuanzia tarakimu moja: 9, 45, 150, 375, 750, 1200, 1713, 2227, 2492, 2492, halafu inaanza kuporomoka: 2225, 2041, 1575, 1132, 770, 571, 335, 180, 90, 44, 18, 12, 6, 3, 1. Ukizijumlisha zote unapata 20456. Ndizo zote zilizopo, na zitabaki hizo hizo.

Sasa kuna jambo ambalo mimi nalipenda kuliko namba yenyewe. Huhitaji kompyuta kubashiri ziishie wapi. Anza na 9, zidisha kwa 10 gawanya kwa 2, zidisha kwa 10 gawanya kwa 3, endelea hivyo. Ukifika tarakimu 10 hesabu hiyo inakupa 2480, na zilizopo kweli ni 2492. Ukifika 20 inakupa 37, zilizopo ni 44. Ukifika 25 inakupa 0.58 hivi. Yaani makadirio yanasema "hapa huenda ikawepo moja, huenda isiwepo". Imekuwepo moja. Kwa hiyo Kijiwe cha Saba, hakuna pete hapo. Namba hii ni mabaki ya mchujo, na mchujo wowote wa namna hiyo lazima uwe na wa mwisho.

#9 Mwalimu wa Zamu

Marahaba. Nimekuelewa kabisa. Hilo la namba kumi zinazofuatana naliiba, wiki ijayo liko ubaoni.

Ila uthibitisho wa 26 uliahidi.

#10 Mchapaji wa Tandika

Huu hapa, mfupi. Gawanya namba yetu nzima, zote 25, kwa 26 kwa njia ile ile ya kushusha. Mwisho wake unabaki na 9. Sasa shusha tarakimu ya 26, yoyote uitakayo. Unapata namba kati ya 90 na 99. Vigawe vya 26 vilivyo karibu ni 78 na 104. Katikati hapo hakuna kitu. Ingehitajika tarakimu inayoitwa 14, na sisi tunazo kumi tu.

Na kwa kuwa kipande cha mbele cha namba ya hatua nacho lazima kiwe namba ya hatua, ya tarakimu 26 ingebidi ianze na hii. Haiwezi, basi mlango umefungwa kwa 27, kwa 30, kwa milioni.

Hata kufika 25 ilikuwa ngoma. Zile za tarakimu 24 ziko 3. Kigawe cha 25 kinaishia na 00, 25, 50 au 75. Tarakimu ya 24 ni lazima iwe shufwa maana namba ile inagawanyika kwa 24. Basi aliyetaka kuvuka alipaswa kuwa anaishia na 0 au 2. Yetu inaishia na 2, ikapewa 5, ikavuka. Wenzake wawili waliishia na tarakimu nyingine.

#11 Binti wa Kigamboni

Kaka Mchapaji, asante kwa uzi, nausoma nikiwa kwenye foleni ya pantoni na haijasogea. Nilikuwa nasubiri mtu aseme habari za 381654729, naona kimya.

Hiyo nayo ni namba ya hatua, ila ina nidhamu ya ziada: imetumia tarakimu 1 hadi 9 zote, kila moja mara moja, hakuna kurudia. Iko moja tu. Tofauti yake na ile ndefu ni kwamba hii unaweza kuitafuta mwenyewe kwenye daftari, huhitaji orodha ya mtu. Mwalimu, hii ndiyo ya ubaoni.

Kazi inakwenda hivi. Nafasi ya tano lazima ikae 5, maana sifuri haipo. Nafasi ya 2, 4, 6 na 8 lazima zikae shufwa, na shufwa ziko nne tu: 2, 4, 6, 8. Kwa hiyo witiri 1, 3, 7, 9 zinabaki nafasi ya 1, 3, 7 na 9. Sasa nafasi ya nne. Tarakimu mbili, ya tatu na ya nne, lazima zigawanyike kwa 4, na ya tatu ni witiri. 14 haigawanyiki, 18 haigawanyiki, 12 na 16 zinagawanyika. Jaribu na 3, 7, 9, ni hivyo hivyo. Basi nafasi ya nne ni 2 au 6. Kwa hesabu ya aina hiyo hiyo nafasi ya nane nayo ni 2 au 6. Zinabaki 4 na 8 kwa nafasi ya pili na ya sita.

Halafu tatu za katikati, ya nne, ya tano na ya sita, jumla yake lazima igawanyike kwa 3. Inakubali 258 au 654 peke yake.

Ukichukua 258 mbele kunakuwa na 4 nafasi ya pili, na ukiendelea kubana unabaki na mbili tu: 147258963 na 741258963. Ukichukua 654 unabaki na nane. Jumla kumi. Hapo kila kitu kimetimia isipokuwa 7. Nikazijaribu moja moja tarakimu saba za kwanza. 9876543 niliitamani kweli iwe yenyewe, ilivyo nzuri, ikabaki 5. 1896543 nayo ikabaki 5. 9816547 ikabaki 6. Aliyepona ni 3816547, unapata 545221 bila baki.

Na ukipachika sifuri mwishoni unapata 3816547290, zote kumi zimetumika, na inagawanyika kwa 10.

#12 Mwalimu wa Zamu

Binti wa Kigamboni ubarikiwe. Watoto wangu wanachoka na kanuni za kugawanyika kwa sababu zinakuja moja moja, leo kwa 3, kesho kwa 4, na hakuna anayeona kazi yake. Hapa zimefanya kazi zote kwenye swali moja. Na nimependa kwamba 7, ambayo haina kanuni nyepesi, ndiyo iliyokata shauri.

#13 Mkeka Tena

Kwa hiyo haitoki?

#14 Fundi Redio Gerezani

Haitoki mzee, kalale.

Wakuu naongezea ndugu yake. 73939133. Hii unaikata kutoka kulia, tarakimu moja moja: 7393913, 739391, 73939, 7393, 739, 73, 7. Zote ni namba tasa, haigawanyiki hata moja isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Na ni ya mwisho katika aina yake, ziko 83 kwa jumla. Ukitaka kuiongeza mkia lazima mkia uwe 1, 3, 7 au 9. Jumla ya tarakimu zake ni 38. Weka 1 inakuwa 39, weka 7 inakuwa 45, zote zinagawanyika kwa 3, zimekufa hapo hapo. 3 na 9 nazo zina vigawo vyake. Mchujo ule ule wa Mchapaji, chujio lingine.

Zipo pia tasa zinazokatwa kutoka kushoto, huko kubwa kuliko zote ina tarakimu 24: 357686312646216567629137. Imekaribia sana ile ya 25. Sijui kama hiyo ina maana yoyote, nadhani ni bahati tu.

#15 Kalkuleta Mbovu

Nimerudi. Ya 23 nimeimaliza. Mwisho nimebaki na 20, nikashusha 7, ikawa 207. Ishirini na tatu mara tisa ni 207. Nimeshindwa hata kula.

#16 Kijiwe cha Saba

Sawa, nimekubali si pete. Lakini Mchapaji umeanza na habari za NIDA halafu umeziacha hewani. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Kuna mtu mwenye NIDA ya hatua?

#17 Mchapaji wa Tandika

Kwanza tangazo: mtu asiweke namba yake ya NIDA humu. Nasema hivyo kwa sababu najua mnataka kujaribu.

Pili, jibu ni hapana, na sababu yake nzuri. Namba ya NIDA inaanza na tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Tarakimu nane. Sisi wote tuliozaliwa elfu moja mia tisa na kitu tunaanza na 19. Hatua ya pili inadai 19 igawanyike kwa 2. Tumetoka mapema sana, tusijidanganye. (Simu za 07 nazo zinatoka hapo hapo, 7 ni witiri.)

Vijana wa elfu mbili wana 20, wamevuka. Hatua ya tatu: 200 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo 2000 hadi 2009 nje. 202 nje, kwa hiyo watoto wa sasa hivi nao nje. Inabaki 201. Hatua ya nne inachagua 2012 na 2016. Hatua ya tano inataka mwezi uanze na 0. Hatua ya sita: 2012 inakubali Aprili peke yake, 2016 inakubali Juni peke yake. Hatua ya saba: kwa Aprili 2012 siku ingelazimika ianze na 5, haiwezekani. Kwa Juni 2016 siku inaanza na 3. Hapo nilisimama kitini. 2016063, inagawanyika kwa 7 safi kabisa. Inabaki tarakimu moja, igawanyike kwa 8. Inayokubali ni 2.

Tarehe 32 Juni 2016.

#18 Fundi Redio Gerezani

😂😂😂 Siku mbili tu!

#19 Mwalimu wa Zamu

Nimecheka mpaka ofisini wamegeuka. Je, mbele huko ipo?

#20 Mchapaji wa Tandika

Ipo mwalimu. Miaka ya 2020 na 2030 yote inatoka hatua ya tatu. Ya kwanza kufuzu ni 20440216, yaani tarehe 16 Februari 2044, itakuwa Jumanne. 2044 kwa 4 ni 511. 204402 kwa 6 ni 34067. 2044021 kwa 7 ni 292003. Namba nzima kwa 8 ni 2555027.

#21 Binti wa Kigamboni

Pantoni bado, kwa hiyo nimemalizia karne. Miaka ya 2050 na 2060 inatoka hatua ya tatu. 2080 na 2090 nayo inatoka. Kwenye 2040 hakuna nyingine zaidi ya hiyo yako, 2040 na 2048 zote zinataka siku ianze na 6. Kwenye 2070 nimepata mbili: 24 Aprili 2072 na 8 Juni 2076. Karne nzima tarehe tatu. Anayebisha anishushie baki zake hapa chini.